SAA MBILI ZA KUNYONYESHA SI HISANI



Nina dukuduku kuhusu akina mama waajiriwa wenye watoto wachanga.

Mimi ni mfanyakazi wa kampuni moja ya watu binafsi hapa mjini Bukoba. Mwaka jana nilijifungua, nikapewa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo kama sheria isemavyo. Kwa hilo nashukuru. Lakini niliporudi kazini mtoto alikuwa hajatimiza miezi mitatu, na wauguzi wa kliniki walikuwa wamenisisitizia nimpe maziwa yangu peke yake, bila uji wala maji, hadi atimize miezi sita.

Nilimwomba mkuu wangu wa kazi aniruhusu niwe naenda nyumbani kunyonyesha. Alinijibu kuwa wateja hawawezi kungoja mtoto ashibe. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilimpeleka mtoto kwa mama yangu Muleba, nami nikawa naenda kila Jumamosi jioni. Huko alipewa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Haukupita mwezi akaanza kuharisha, na uzito ukashuka hata mstari wa kadi ya kliniki ukaelekea chini. Simlaumu bibi yake. Alimpa alichokuwa nacho.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa nilichokiomba hakikuwa hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wake wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ningalipewa saa hizo, mtoto angalibaki nami Bukoba.

Watu hushangaa mkoa wetu wenye migomba, maharage na samaki kuwa na watoto waliodumaa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Kagera wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Sababu ni nyingi, wala sisemi ni ajira peke yake, maana wengi wa mama zao ni wakulima. Lakini kwa sisi waajiriwa, sehemu ya dawa imekwisha andikwa katika sheria. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Waajiri nao wasidhani wanapata hasara. Huyo aliyeninyima saa mbili alinikosa siku sita mfululizo nilipolazwa na mtoto.

Nawaomba maofisa kazi wapite madukani, viwandani na maofisini wakague jambo hili. Vyama vya wafanyakazi navyo vimweleze kila mama haki yake kabla hajaanza likizo, si baada ya mtoto kuugua.

Je, wahusika mnasemaje?

Mama Mnyonyeshaji,
Bukoba, Kagera.