Jinsia Haishiki Usukani: Bei ya Bima ya Gari na Haki ya Aliyegongwa

Mtu anapokwenda kwa wakala wa bima katika Manispaa ya Mpanda, huulizwa mambo machache: namba ya usajili, aina ya chombo, idadi ya viti, thamani yake iwapo anataka bima kubwa, na kama chombo ni cha binafsi au cha biashara. Jinsia yake haiingii katika hesabu. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi, yaani ile ya lazima inayomlinda mtu wa tatu, imekuwa kwa miaka mingi shilingi 100,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, awe mwenye gari ni mwalimu wa kike wa Kashaulili au mfanyabiashara wa kiume wa Makanyagio.

Katika nchi nyingine mambo hayakuwa hivyo, na kwa baadhi yake hayako hivyo hata leo. Kampuni za bima za Ulaya na Marekani kwa muda mrefu ziliwatoza vijana wa kiume zaidi ya vijana wa kike kwa gari lile lile na barabara ile ile. Hoja hiyo imeanza kusikika na kwetu. Wapo wanaosema kwamba wanawake ni madereva waangalifu, kwa hiyo wapunguziwe bei, na kwamba punguzo hilo litakuwa hatua moja katika safari ya usawa. Kwa kuwa stika za karatasi zimeachwa na taarifa za bima sasa zimo katika mfumo wa kielektroniki, kuwagawa wateja kwa makundi kumekuwa kazi nyepesi kuliko zamani. Ni vema tukalijadili jambo hili kabla halijawa desturi.

Ndugu msomaji, nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kupanga bei ya bima kwa jinsia si haki, hata pale takwimu zinapoonekana kukubaliana na upangaji huo. Ya pili ni kwamba jinsia ina nafasi muhimu sana katika suala la bima ya magari, ila nafasi hiyo iko upande wa fidia, ambako wengi wetu hatutazami.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaotetea bei ya jinsia. Hoja yao si ya kipuuzi. Bima ni biashara ya kukadiria hatari, na kanuni yake ni kwamba kila mtu achangie kwa kadiri ya hatari anayoileta katika mfuko. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba wanaume hufa kwa ajali za barabarani karibu mara tatu ya wanawake. Ikiwa kundi moja linaleta ajali nyingi zaidi, kulitoza bei sawa na kundi jingine ni kulifanya kundi la waangalifu liwabebe wazembe. Kwa mtazamo huu, anayepinga bei ya jinsia ndiye anayewaonea wanawake.

Udhaifu wa hoja hii uko katika neno "kundi". Tuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hiyo inafaa kwa tenga la migebuka lililochelewa njiani kutoka Karema. Haifai kwa leseni za udereva. Kijana wa kiume aliyeendesha miaka kumi bila kumgusa mtu anatozwa kwa makosa ya vijana wenzake asiowajua, na hana la kufanya ili ajinasue, kwa kuwa hakuichagua jinsia yake. Mwanamke anayeendesha kwa fujo naye anapewa zawadi ya uangalifu wa wenzake. Bei ya namna hiyo haimfunzi yeyote kuendesha vizuri.

Mahakama za wenzetu zimeshakutana na tatizo hili. Mwaka 1978, katika shauri la Manhart dhidi ya jiji la Los Angeles, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa utaratibu wa pensheni uliowakata wafanyakazi wa kike michango mikubwa zaidi, karibu asilimia 15, kwa sababu wanawake kwa wastani huishi muda mrefu. Wastani huo ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, mahakama iliona kwamba sheria humlinda mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyejua ni mwanamke yupi kati yao angeishi muda mrefu. Tarehe 1 Machi 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoanzishwa na chama cha walaji cha Ubelgiji kiitwacho Test-Achats, iliondoa ruhusa ya kampuni za bima kutofautisha bei kwa jinsia, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Jimbo la California nalo lilipiga marufuku jambo hilo katika bima ya magari kuanzia mwaka 2019.

Angalieni kwamba katika shauri la pensheni wanawake ndio waliokuwa wakitozwa zaidi. Kanuni ile ile inayompa mwanamke nafuu kwenye gari humwongezea mzigo kwenye pensheni, na inaweza kumwongezea kwenye bima ya afya kwa sababu ya uzazi. Mwanaharakati anayeikaribisha kanuni hiyo mlango wa mbele kwa ajili ya punguzo la gari asishangae ikimtokea mlango wa nyuma.

Hata tukiyaacha mashauri ya ughaibuni, bei ya jinsia isingesimama katika mazingira ya Katavi. Kwetu bima huifuata gari, na kwa kawaida humkinga mwenye chombo pamoja na dereva yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa naye. Chukua mfano wa muuguzi aliyenunua pikipiki kwa mkopo, akampa kijana aendeshe bodaboda na kumletea hesabu kila jioni. Kadi ina jina la mwanamke. Usukani umeshikwa na mwanamume. Kampuni ipime jinsia ya nani? Ikimpima mwenye kadi, punguzo litakuwa halihusiani na hatari yoyote, na jina la mke litageuka kuwa kuponi: magari mengi yataandikishwa kwa majina ya wanawake ambao hawatakuwa na sauti ya kuyauza wala kuyatumia. Ikimpima dereva, itabidi ijue kila siku ni nani aliyeendesha, jambo lisilowezekana katika mji ambao chombo kimoja huwa na madereva wawili au watatu kwa wiki.

Msomaji makini atauliza: je, kutoza bodaboda bei tofauti na pikipiki ya binafsi si kutoza wanaume kwa mlango wa pembeni, maana karibu madereva wote wa vijiweni ni wanaume? Swali ni zuri. Baada ya mwaka 2012, Ulaya iligundua kwamba tofauti za bei kati ya wanaume na wanawake hazikufutika, kwa kuwa kazi ya mtu na aina ya gari lake vilibaki katika hesabu, na vitu hivyo huambatana na jinsia. Tofauti ni hii: matumizi ya chombo ni tendo linaloweza kuthibitishwa na kubadilishwa. Chombo kinachobeba abiria kutwa nzima kina nafasi kubwa ya kupata ajali kuliko kinacholala uani. Mwanamke akianza kuendesha bodaboda leo atalipa bei hiyo hiyo. Huo ni usawa.

Kipimo bora zaidi ni rekodi ya dereva mwenyewe: punguzo kwa mwenye bima asiyedai fidia mwaka hadi mwaka, nyongeza kwa anayerudia makosa. Hata hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Kipimo cha umbali kingemwumiza mkazi wa Mpanda, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na kipimo cha mahali kingemwadhibu anayepita barabara ya vumbi ambayo hakuijenga yeye. Haki ya bei ni kumtoza mtu kwa anachoweza kukirekebisha.

Sasa nije kwenye hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito. Tunapogombana kuhusu bei ya dereva, tunamsahau mtu ambaye bima ya lazima ilianzishwa kwa ajili yake. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kukata bima ili aliyegongwa asiachwe mikono mitupu. Katika Katavi, wanawake wengi hawana gari wala pikipiki. Wanakutana na bima wakiwa abiria wa nyuma, au wakiwa pembeni mwa barabara na mzigo kichwani.

Mwanamke huyo akivunjika mguu, hasara yake itapimwaje? Sehemu kubwa ya fidia hutegemea kipato alichopoteza, na kipato huthibitishwa kwa karatasi. Mume aliyeajiriwa ana hati ya mshahara. Mke aliyelima mahindi na mpunga, akateka maji, akalea watoto na kumuuguza mama mkwe, hana karatasi yoyote. Tumbaku aliyoipalilia na kuichambua imelipwa kupitia chama cha ushirika kwa jina la mwanachama, ambaye mara nyingi ni mume. Meza ya madai ikitazama karatasi peke yake, miguu miwili iliyovunjika katika ajali moja itakuwa na bei mbili. Hapo ndipo bima inapotofautisha jinsia bila kuandika neno jinsia popote.

Sheria yetu ina mahali pa kuanzia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, lakini mantiki yake haiishii mlangoni mwa talaka. Kama kazi hiyo ina thamani ndoa inapovunjika, ina thamani pia mguu unapovunjika. Katiba nayo, katika ibara ya 13, imeitaja jinsia miongoni mwa misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo.

Ninapendekeza mambo matatu. Mosi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima itamke wazi kwamba jinsia haitakuwa kigezo cha bei ya bima ya magari, kabla kampuni yoyote haijaona faida ya kuifanya kigezo. Pili, itolewe miongozo ya kukadiria thamani ya kazi za nyumbani na za shamba katika madai ya fidia, ili mdai asiye na hati ya mshahara asirudishwe kwa kukosa karatasi. Tatu, kampuni zitangaze kila mwaka fidia zilizolipwa kwa wanawake na kwa wanaume, na muda uliochukua kuzilipa.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, hili la tatu lisisubiri tangazo. Majalada ya mashauri ya ajali yamo mahakamani. Someni hukumu, linganisheni majeraha yanayofanana, hesabuni. Kwa watumishi wa umma walio katika maofisa ya ustawi wa jamii na msaada wa kisheria, mweleze mwanamke aliyegongwa kwamba bima ya chombo kilichomgonga ni haki yake pia, na msaidieni kuorodhesha kazi alizokuwa akifanya kutoka alfajiri hadi usiku. Orodha hiyo ndiyo hati yake ya mshahara.