Alice Guy Hakusahaulika, Alifutwa

Kila anapotajwa Alice Guy-Blaché, lazima mtu aandike "mwanamke aliyesahaulika". Jamani, hilo neno tuliache. Kusahau ni kuacha funguo mezani. Huyu mama alifutwa, na waliomfuta walikuwa na kalamu mkononi.

Hebu tuangalie. Machi 1895, akiwa katibu muhtasi wa Léon Gaumont mjini Paris, aliona ndugu Lumière wakionyesha sinema yao: wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi. Yeye akawaza hadithi. Bosi alimruhusu ajaribu, mradi kazi za ofisini zisilale. Wataalamu wanabishana kama filamu yake ya kwanza ni ya 1896 au ya baadaye kidogo. Wabishane tu. Kisichobishaniwa ni kwamba aliongoza utengenezaji wa filamu pale Gaumont kwa takriban miaka kumi, akahamia Marekani, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake, Solax. Miaka miwili baadaye studio yake ilikuwa imesimama Fort Lee, New Jersey.

Halafu ikaja historia. Gaumont ilipochapa habari zake mwaka 1930, kazi ya mama huyu haikuwemo. Mwanahistoria Georges Sadoul naye akaichukua filamu yake ya 1906 kuhusu maisha ya Yesu, akampa sifa Victorin Jasset, aliyekuwa msaidizi wake. Msaidizi!

Najua utetezi: eti filamu zake nyingi zilipotea, tungemjuaje? Sawa. Lakini Georges Méliès alichoma negativu zake kwa mikono yake mwenyewe, na bado hakuna kitabu cha sinema kinachothubutu kumruka. Kwa hiyo tatizo si moto wala kutu. Tatizo ni nani tunayehangaika kumtafuta.

Yeye alijitafuta mwenyewe. Alizisaka filamu zake, akaandika barua kusahihisha makosa, akaandika kumbukumbu zake. Wachapishaji hawakuzitaka. Alifariki mwaka 1968. Kitabu kilitoka 1976. Fikiria kutumia uzeeni wako kuthibitisha kwamba kazi yako ni yako!

Nasi wahakiki wa mtandaoni hatuko salama. Tunanakili orodha ileile: Lumière, Méliès, Griffith. Tukikumbuka, tunamchomeka yeye mwishoni kama kitoweo cha Machi 8. Tuache. Ukiandika waasisi, muweke kwenye aya ya kwanza. Alikuwepo tangu siku hizo.