Albamu bora ya Wenge ni ipi? Tusikilize kwanza, kambi baadaye

Kuna bishano moja ambalo halikosi mtu wa kulianzisha: kati ya albamu za Wenge Musica, ipi ni bora na ipi ni mbaya kuliko zote? Linaanza mahali watu wanapochaji simu, linaendelea kwenye bomba la maji, na usiku linaingia hadi ndani ya mahema ya wahami. Baba wa miaka hamsini na kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 wanarushiana maneno kana kwamba Wenge ilivunjika jana. Sioni kosa watu kubishana juu ya muziki. Kosa ni kwamba wengi wetu tunatoa hukumu kwa kuangalia kambi, si kwa kusikiliza.

Tukumbushane kidogo, maana vijana wanachanganya mambo. Wenge ilizaliwa Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, orkestra ya vijana. Bouger Bouger ilitoka mwaka 1988, Kala-Yi-Boeing mwaka 1993, Les Anges Adorables mwaka 1994, kisha Pleins Feux mwaka 1996. Mwaka 1997 JB Mpiana akatoa Feux de l'Amour, albamu iliyobeba jina lake mwenyewe huku wenzake wa Wenge wakicheza ndani. Ilifanikiwa sana, na mafanikio hayo yakaongeza ugomvi uliokuwa ukitokota. Mwisho wa mwaka huo wakaachana. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère, na JB akabaki na Wenge BCBG.

Hapo ndipo kambi zilipozaliwa. Mwaka 1998 Maison Mère walitoa Force d'Intervention Rapide, na BCBG wakatoa Titanic. Mpaka leo, shabiki wa JB ukimuuliza albamu mbaya, anataja ile ya kwanza bila kufikiri: eti jina lake ni la kijeshi na ilitengenezwa kwa hasira. Shabiki wa Werrason naye anacheka: mtu gani anapatia albamu yake jina la meli iliyozama? Tunacheka wote. Lakini muulize kila mmoja akutajie nyimbo tatu za albamu anayoitukana. Wengi watanyamaza.

Kwangu, hakuna kati ya hizo mbili inayostahili kuitwa mbaya. Zote zilitengenezwa na watu waliojua kwamba mwenzao yuko upande wa pili anawasikiliza, na hakuna aliyetaka kuchekwa. Ushindani huo ulituletea pia Solola Bien mwaka 1999, ambayo hata watu wa BCBG waliicheza kwenye harusi, wapende wasipende.

Tukumbuke pia mwaka 1998 ulikuwa mwaka gani kwetu. Mwezi wa nane vita vilianza upya, nchi ikakatwa. Goma, Bukavu na Kisangani zilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine. Lakini huku Mashariki, watu waliokuwa wakiongea Kiswahili nyumbani waliendelea kuimba Kilingala cha Wenge, hata pale ambapo hawakuelewa kila neno. Barabara zilifungwa, muziki ukapita. Ndiyo maana nasikitika nikiona vijana wetu wanashikana mashati kwa ajili ya kambi mbili za Kinshasa ambazo wenyewe wamekwisha kupatana: tarehe 30 Juni 2022, JB na Werrason walipanda jukwaa moja pale Stade des Martyrs. Wao wameshuka jukwaani wamerudi kwao. Sisi bado tuko vitani.

Sasa mtaniuliza: na wewe unachagua ipi? Nachagua Les Anges Adorables. Sababu yangu ni hii. Katika orkestra zetu, kila mtunzi analeta wimbo wake, na wengine wanausaidia. Wakati ule Wenge ilikuwa na JB, Werrason, Blaise Bula na Dominguez kwenye sauti, Masela kwenye gitaa la besi, na Alain Makaba kwenye gitaa. Wimbo wa mmoja ulibebwa na sauti za wote. Mtu alikuwa anamwimbia mwenzake vizuri hata kama sifa ingemwendea huyo mwenzake. Baada ya 1997 tulipata sebene kali zaidi na atalaku wengi zaidi, lakini kitu hicho sikukisikia tena.

Na mbaya? Hapa sitaji kambi, nawapa kipimo. Chukua wimbo wowote, uhesabu majina ya watu yanayotajwa ndani ya dakika mbili. Ni yale mabanga: mwenye pesa analipa, jina lake linarushwa katikati ya wimbo. Zamani lilikuwa kama chumvi kwenye mboga. Katika miaka ya 2000, pande zote mbili zilimwaga mfuko mzima. Albamu ambayo majina yamekula nafasi ya kuimba, hiyo kwangu ndiyo mbaya, iwe ya JB au ya Werrason. Mfanyabiashara, mwanasiasa, mtu wa Ulaya, wote wanatajwa. Mama aliyekimbia na watoto watano hana wa kumlipia, basi wimbo huo haumhusu, hata kama ameupenda tangu ujana.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa mjini tunalisahau. Mhami akisema "albamu bora ni Pleins Feux", mara nyingi hapimi gitaa wala sauti. Anataja nyumba. Ni albamu iliyopigwa kwenye harusi yake huko kijijini, kwa redio ya betri ambayo hakuweza kuibeba alipokimbia. Kaseti zimebaki huko, picha pia. Wimbo peke yake ndio ulimfuata, siku hizi ndani ya kadi ya memori. Ukimjibu "albamu hiyo ni takataka", unafikiri mnabishana juu ya Wenge. Yeye anasikia kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji wa vipindi vya muziki na kwa wote wanaopenda bishano hili. Anayesema albamu ni mbaya, aanze kwa kutaja wimbo mmoja wa ndani yake na aeleze umekosa nini. Anayesema ni nzuri, aeleze pia, asiseme tu "Le Roi ni Le Roi". Na mtu wa kambi ya wahami akipiga simu kuomba wimbo wa zamani, msimwambie umepitwa na wakati. Upigeni mpaka mwisho, pamoja na sebene yake, halafu mumuulize ulimkuta wapi mara ya kwanza. Hapo tutasikia mengi ambayo hatukuyajua, na si juu ya Wenge tu.