Usimfukize Bundi

Kila baridi inapoingia hapa Lushoto, sisi wenye nyumba za zamani huanza kusafisha meko ya sebuleni, na kila mwaka hatumkosi fundi wa kutoa ushauri uleule: kama kuna kitu kimeingia kwenye dohani, washa majani mabichi, moshi utakitoa. Ushauri huo naupinga. Naupinga nikiwa mfanyabiashara, wala si mpenda ndege wa kutembea na darubini shingoni. Nina nyumba ya wageni, na mwezi Juni moto wa sebuleni ndio unaoniuzia vyumba.

Moshi ukipanda, bundi mkubwa atatokea juu aende zake. Kifaranga asiyejua kuruka hana pa kwenda. Atafia humo humo au ataporomokea kwenye makaa. Akifia ndani, utakaa na uvundo sebuleni kwa majuma, halafu utamlipa fundi huyohuyo akubomolee matofali. Na kama walioziba bomba ni ndege wanaojenga kwa vijiti, kunguru kwa mfano, hapo unachezea roho yako mwenyewe. Vijiti vikavu hushika moto, na moshi uliokosa njia hurudi chumbani na hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Bundi tunayemwona sana majumbani ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la kopa. Huyu hajengi kiota. Akipata pahali pa giza penye kibao cha kusimama, iwe darini, kwenye mnara wa kanisa au kwenye bega la dohani, anataga hapo hapo. Mayai huwa manne hadi saba hivi, hulaliwa kwa mwezi mmoja na siku kidogo, kisha vifaranga hukaa majuma manane au tisa kabla ya kuruka. Jike huanza kulalia tangu yai la kwanza, kwa hiyo watoto hupishana umri: mkubwa ameshaota manyoya ya bawa, kitinda mimba bado ni kidonge cha sufi. Usiku wakidai chakula hutoa sauti kama mzee anayekoroma. Wageni wangu wa chumba cha mwisho waliniuliza asubuhi ni nani anayelala ukutani.

“Mama, huyu ni mchuro,” fundi aliniambia baada ya kumulika dohani ya chumba hicho kwa tochi. “Ukimwacha atakuletea msiba.”

“Mwanangu,” nikamjibu, “misiba ya huku tunajua nani aliileta.”

Alinielewa, kwa sababu kwao ni upande wa Mlalo, humu humu wilayani. Tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya yetu iliugua tauni mara kwa mara. Wagonjwa zaidi ya 7,000 waliandikishwa, na waliozikwa ni mamia. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto hutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni mtu aliyelala chini kwenye nyumba yenye mahindi darini. Sisemi kwamba bundi ndiye aliyeimaliza tauni. Wapo wauguzi, dawa na wapuliziaji waliohangaika kijiji kwa kijiji, na heshima hiyo ni yao. Nasema tu kwamba watu waliopitia hayo, halafu wakamwita mchuro ndege anayekula panya usiku kucha, wananishangaza.

Asiyeamini achungulie chini ya dohani yangu. Bundi humeza panya mzima, halafu manyoya na mifupa huvitapika vikiwa tonge moja jeusi, gumu, lenye urefu wa kidole. Nilivaa glavu, nikaloweka tonge moja kwenye beseni na kulichambua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na mafuvu matatu, yote yakiwa na yale meno ya mbele ya manjano. Huo ni mlo wa usiku mmoja tu. Ndiyo maana sumu ya panya nimeipiga marufuku kwangu, maana bundi akila panya aliyekula sumu, naye huenda.

Hasara ipo, nisiwadanganye. Kuanzia yai hadi mtoto wa mwisho kuruka ni miezi mitatu hivi, na safari hii imeangukia baridi yenyewe. Lakini ni nani aliyeacha mlango wazi? Dohani inafungwa mwezi Februari, kabla ya masika, baada ya kumulika na kusikiliza na kuhakikisha hamna mtu ndani. Waya wa kuku haufai, unaliwa na kutu. Wavu wa mbu nao hujaa masizi, moshi ukarudi. Unatakiwa wavu wa chuma mnene, matundu yake yawe upana wa kidole gumba, na juu yake kofia ya bati ya kuzuia mvua. Mwenye nyumba anayepaka rangi ukuta kila mwaka asiniambie kwamba hilo limemshinda.

Ndege mkubwa akiangukia sebuleni, msimkimbize na fagio. Fungeni milango, vuteni mapazia yote isipokuwa dirisha moja lililo wazi, mtoke; atafuata mwanga. Kifaranga wa bundi mfunike kwa kanga, mshike kwa glavu nene kwa sababu ya kucha, umrudishe juu alikotoka. Sakafuni wazazi wake hawatamlisha. Akiwa ameumia, yupo ofisa wanyamapori wa wilaya, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikumpa fundi yeyote ruhusa ya kuua. Popo msiwashike kwa mikono mitupu, wanaweza kuwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Nyuki waitieni wafugaji nyuki, la sivyo nta itayeyuka na kuwaka ndani ya bomba.

Dohani zangu nyingine zimeshavishwa wavu. Ya chumba cha mwisho itavishwa bundi wakishatoka, na mgeni atakayetaka moto mwezi huu atapewa blanketi la pili na punguzo la bei.