Kitabu Kimeshinda, Mtoto Yuko Wapi?

Niliwahi kualikwa kwenye hafla ya tuzo za vitabu jijini Nairobi. Jina la tuzo nitalihifadhi. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha. Zamu ya vitabu vya watoto ilipofika, aliyesoma majina alikuwa mtu mzima. Majaji walikuwa watu wazima, mwandishi na mchapishaji vilevile. Mtoto pekee niliyemwona usiku ule alikuwa kwenye jalada la kitabu kilichoshinda, anacheka, ameshika tiara.

Nilinunua nakala moja pale mlangoni. Desemba nikaibeba hadi nyumbani Merigi: matatu mpaka Bomet mjini, halafu boda, begi kifuani. Nikampa mpwa wangu wa gredi ya tano. Alikigeuza mbele na nyuma kabla ya kukifungua.

"Anti, hiki ni cha mtihani?"

"La. Ni cha kusoma tu."

"Kusoma tu?"

Hakuamini, lakini jioni hiyo alikisoma mpaka taa ya sola ikaanza kufifia, na kesho yake akamalizia kando ya mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Siku ya tatu kitabu kilikuwa kwa jirani. Siku ya tano nikasikia kiko ng'ambo ya mto. Nilirudi Nairobi Januari bila kukiona tena, na sikulalamika. Kwangu mimi, huo ndio uhakiki bora zaidi ambao kitabu kile kimewahi kupata.

Basi nikataka kumnunulia nakala nyingine. Nilizunguka maduka matatu ya vitabu mjini. Vitabu vya kiada, vipo. Vya marudio ya mitihani, vimejaa mpaka dari. Hiki? Muuzaji mmoja alinitazama kwa huruma: "Hiyo labda upate Nairobi, madam."

Hebu fikiria hapo. Kitabu bora cha watoto nchini, kwa kauli ya majaji wenyewe, hakipatikani kwenye makao makuu ya kaunti nzima.

Hoja yangu sitaizungusha. Tuzo ya kitabu cha watoto isiyokifikisha kitabu kwa watoto ni tuzo ya watu wazima. Ama ibadilike, ama iache kutumia jina la watoto.

Tusidanganyane, tuzo tunazo. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta ipo tangu miaka ya sabini. Meja Mwangi aliitwaa 1974. Siku hizi inaandaliwa na Chama cha Wachapishaji Kenya kwa udhamini wa Text Book Centre, kila baada ya miaka miwili, na ina makundi ya watu wazima, vijana na watoto, kwa Kiingereza na Kiswahili. Mwaka unaopishana nayo ni wa Tuzo ya Wahome Mutahi. Kwa hiyo karibu kila mwaka kuna mtu anapanda jukwaani. Hilo ni jambo jema. Mwandishi wa watoto nchini hapa hulipwa kidogo na huheshimiwa kidogo zaidi, na siku moja ya kushangiliwa si dhambi. Ninachouliza ni nini hutokea kesho yake asubuhi.

Mtazame Ken Walibora, aliyetutoka 2020. Alishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta zaidi ya mara moja. Lakini uliza wasee wa rika langu walimjulia wapi. Watakuambia Siku Njema, iliyotoka 1996, na sababu ni moja: iliwahi kuwa kitabu cha lazima shuleni. Kilichomfikisha vijijini ni orodha ya mtihani, wala si medali. Tukaachiwa funzo baya: kitabu husafiri tu kikiwa na maswali nyuma yake. Ndiyo maana mpwa wangu, akiwa na miaka kumi, hujiuliza kwanza kama kitabu kitatahiniwa kabla ya kujiuliza kama kitamchekesha.

Najua jibu litakalokuja. "Kazi ya tuzo ni kutambua ubora. Kusambaza vitabu ni kazi ya serikali." Jibu zuri, ila linasahau kwamba tuzo zinazosifiwa duniani hazikujitenga na rafu za vitabu. Nishani ya Newbery ya Marekani, iliyoanza 1922, huchaguliwa na wakutubi, watu walewale wanaonunulia maktaba vitabu. Kitabu kikishinda, maktaba zinakitaka, kwa hiyo kinaendelea kuchapishwa miaka na miaka. Medali inafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna rafu inayoisubiri. Sisi tumechukua medali, rafu tukaiacha.

Na si lazima twende mbali. Majirani zetu Tanzania walipotoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere kwa mara ya kwanza, Aprili 13, 2023, masharti yake yaliahidi kwamba mswada utakaoshinda utachapishwa kwa gharama ya serikali na kupelekwa shuleni. Baadaye wakaongeza kundi la hadithi za watoto. Hata Tuzo ya Burt, iliyokuwa ikitolewa Kenya na Tanzania kwa pesa za kutoka Kanada, ilikuwa na akili hiyo. Kasoro yake ilikuwa kutaka vitabu vya Kiingereza, lakini mchapishaji wa kitabu kilichoshinda alihakikishiwa kwamba maelfu ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa kwa vijana. Yaani ushindi ulihesabiwa kwa nakala pia.

"Pesa zitatoka wapi?" Tupige hesabu basi. Kenya ina wadi 1,450, na Merigi ni mojawapo. Peleka nakala kumi kila wadi: nakala 14,500. Tuseme kila moja ni shilingi 400. Hiyo ni milioni 5.8. Kwa mtu mmoja ni pesa nyingi. Kwa nchi ambayo sheria yake ya VAT ya 2013 ilitia ushuru wa asilimia 16 juu ya vitabu, si pesa za kulilia. Warudishe kijisehemu tu cha walichokusanya.

Na lori lipo. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha hadi shuleni. Maboksi hayo hufika hata huku kwetu, mvua ikiwa imekorofisha barabara. Nani alisema boksi moja zaidi haliwezi kuingia?

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma zaidi. Huku Merigi mtoto huanza kusikia hadithi kwa Kikipsigis. Anamjua Chemosit, zimwi la mguu mmoja, kabla hajajua herufi. Kogo humtegea vitendawili jikoni mahindi yakichomwa. Mtaala mpya unasema gredi ya kwanza hadi ya tatu wafunzwe lugha ya eneo lao. Vizuri. Lakini tuzo yetu kubwa ina milango miwili, Kiingereza na Kiswahili. Mtu akimwandikia mtoto wa miaka saba kisa cha Chemosit kwa lugha anayoiota, aingilie wapi? Nakipenda Kiswahili, ndicho ninachoandikia hapa. Kukipenda hakunilazimu kumfungia Kogo nje.

La tatu ni dogo na halina gharama: waiteni watoto wenyewe. Uingereza, wanafunzi hukutana shuleni kusoma vitabu vilivyofika orodha ya mwisho ya Nishani ya Carnegie, wakabishana kabla mshindi hajatangazwa. Chagueni shule kumi, moja Merigi, moja Mathare, moja Lamu, moja Lodwar, mzipe orodha ya mwisho mihula miwili kabla ya hafla. Mtoto wa gredi ya tano hana unafiki. Kitabu kikimchosha ukurasa wa nne, atakifunga na kwenda kucheza kati. Majaji wenye digrii wakisikia hilo mara moja tu, watasoma kwa macho mengine.

Huku kwetu kwenye chai, mkulima hamalizi kazi kwa kusifiwa shamba lake. Majani hupelekwa kituoni, yakapimwa, kilo zikaandikwa. Redio ikitangaza bonasi nono na akaunti yako isiingie kitu, utapiga makofi? Utaenda ofisini kuuliza. Basi na sisi tuulize. Orodha ya mwisho ikiwekwa mtandaoni mwaka huu, kabla ya kubonyeza moyo, andika pale chini swali moja: nakala ngapi zitanunuliwa, na zinaenda wadi gani?

Mimi nitaandika la kwangu. Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mamake wiki iliyopita. Hakusalimia hata. "Anti, kuna kingine kama kile?"

Kipo. Kilishinda mwaka jana. Nakitafuta.