Mikoko ya Rufiji na Wenyewe

Mti ulio uani mwa mtu una mwenyewe. Akija mgeni na shoka atapigiwa kelele. Lakini mti wa watu wote aghalabu huwa kama yatima mwenye wajomba wengi: kila mmoja adhani mwenzake amekwisha kumlisha. Ndiyo hali tuionayo katika delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, ambako mikoko imetanda juu ya hekta zipatazo 50,000, wala hapana msitu wa mikoko ulioungana mkubwa kuliko huo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Miti hii haikuanza jana kuhesabiwa. Boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Arabuni na Ghuba, nchi zenye uhaba wa mbao, na katika nyumba za mawe za Unguja upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Wadachi waliuweka msitu chini ya hifadhi tangu mwisho wa karne ya 19, na leo umo mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini serikali, hata iwe na mashua ngapi, haiwezi kusimama katika kila kijito.

Twasikia wengi wakiwalaumu wakulima wa mpunga. Si haki kulaumu pasipo kutazama sababu. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya mto yamegeukia matawi ya kaskazini, chumvi ikapungua huko, na mpunga ukakubali. Basi mtu hufyeka mikoko, akavuna miaka michache, kisha magugu yakamshinda na kaa wakamkatia miche. Ndipo ahamiapo kipande kingine cha msitu. Mwenye watoto wa kulisha hawezi kuambiwa "acha" bila ya kuonyeshwa pa kulima. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo neno ambalo wakubwa hulipita upesi mno.

Hata hivyo hasara haimkuti mfyekaji peke yake. Baina ya mizizi ile ndipo walelewapo kamba na samaki wachanga. Malezi yakivunjwa, mvuvi wa Nyamisati au Salale hutupa wavu wake ukarudi mwepesi, naye asijue kwamba sababu iko nyuma yake, msituni.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewafungulia wanakijiji mlango wa kusimamia msitu pamoja na serikali. Mlango huo usiwe wa pambo. Apewaye kazi ya kulinda na apewe na sehemu katika faida. Mlinzi asiye na fungu lake hulala mapema.

Na nyinyi vijana mwendao kupanda, msichomeke mkoko kila mahali kwa kuwa tunda lake ni jepesi kushika. Ukingo uelekeao bahari ni makao ya mliana na mchu. Mkandaa hupenda juu, yafikapo maji kwa nadra. Waulizeni kwanza wazee wa hapo. Tunda la mkoko liwe limekomaa, litoke kwa kuguswa tu, kisha lizamishwe kiasi cha theluthi yake katika tope, ncha chini. Halafu rudini bamvu lifuatalo, na la baada yake, mkahesabu ni mingapi iliyosimama, kwani picha za siku ya kupanda tumekwisha kuziona nyingi.