Uliniambia Niwashe

Nina ugomvi na neno moja: ilimradi. Ilimradi liwake, ilimradi litembee, ilimradi tufike. Nimelisema mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo ugomvi huu unaanzia nyumbani.

Gari la mama ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998. Mimi nalo tumezaliwa mwaka mmoja. Siku moja indiketa zilikata, kushoto kimya, kulia kimya. Nikalipeleka kwa fundi umeme. Akaangalia balbu, akaangalia fyuzi, akajaribu flasha nyingine, kisha akasema tatizo liko kwenye swichi ya hazadi, ile yenye pembetatu nyekundu katikati ya dashibodi. Nikacheka. Hazadi na indiketa wapi na wapi?

Kumbe ni ndugu. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa indiketa hupita kwanza ndani ya swichi ya hazadi. Kitufe kikiwa hakijabonyezwa, swichi hupokea umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa na kuupeleka kwenye flasha. Ule mkono wa kwenye usukani huchagua upande tu. Kikibonyezwa, swichi hubadili njia: huchukua umeme wa betri usiotegemea ufunguo na kuunganisha taa za pande zote mbili. Ndiyo maana hazadi huwaka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ndani yake kuna vipande vidogo vya chuma vinavyogusana. Vikichakaa na kushika weusi, umeme haupiti, na indiketa zinakufa ilhali zenyewe hazina kosa.

“Kuna njia mbili, dada,” fundi akaniambia. “Tutafute swichi ya mtumba, na ufundi wangu, jumla 20,000. Au niiruke kwa 8,000.” Kuiruka maana yake ni kuchomeka kipande cha waya kwenye soketi ili umeme ufike kwenye flasha bila kupita kwenye swichi. “Ila hazadi utaikosa.”

Nilikuwa nachelewa semina. “Situmii hazadi mimi. Fundi, ilimradi ziwake.” Zikawaka.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa narudi Dar es Salaam na mama kutoka Morogoro. Tulipoipita Chalinze, kama saa mbili usiku, mkanda wa feni ukakatika na mshale wa joto ukapanda. Nikasimama. Pembeni palikuwa na shimo, kwa hiyo nusu ya gari ilibaki kwenye lami, katika barabara ambayo malori ya Zambia na Kongo hupita usiku kucha. Nikabonyeza pembetatu nyekundu. Hakuna kitu.

Taa za nyuma zilikuwa zinawaka, lakini taa nyekundu isiyopepesa humwambia dereva wa nyuma kwamba mbele yake kuna gari linatembea. Anaweza kuja hivyo hivyo mpaka akufikie. Pembetatu ya kuakisi tuliyokuwa nayo, ambayo tuliinunua ili tusipigwe faini, ilikuwa imevunjika mguu na haikusimama. Mama, mwanamke wa miaka 61, akashuka na kwenda nyuma ya gari kupunga tochi ya simu. Mimi nikakimbilia kukata matawi. Lori la kwanza lilipiga honi ndefu na kutukwepa. Upepo wake ulimvua mama mtandio. Hakulalamika. Aliuokota, akaendelea kupunga.

Kesho yake nilirudi kwa fundi nikiwa nimejaa maneno. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, huku anafuta mikono kwa kitambaa.

“Pole sana. Lakini dada, hukuniambia nitengeneze. Uliniambia niwashe.”

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Sisi wasomi tunapenda kuwasema mafundi: wababaishaji, hawakusoma, wanaunga unga. Fundi huyu alilijua tatizo, akalieleza, akataja njia zote mbili na hasara ya ile ya rahisi. Aliyechagua ubabaishaji ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye wiki hiyo hiyo alizungumza dakika 20 darasani kuhusu uwajibikaji.

Indiketa siwashi kwa ajili yangu. Mimi najua ninakokata kona. Anayezihitaji ni kijana wa bodaboda aliye ubavuni mwangu na mtoto anayesubiri kuvuka. Hazadi nayo ni ya dereva wa lori ambaye hajaniona. Kwa hiyo ninaposema ilimradi, ninajipunguzia gharama na kumtwisha mtu ambaye hayupo gereji kusema anakubali au anakataa. Safari hii mtu huyo alikuwa mama yangu.

Najua utasema hela. Yupo ambaye 12,000 ya tofauti ni chakula cha nyumba nzima, na huyo sina hoja naye. Hoja yangu ni kwangu na kwa wenzangu: mwezi ule bando langu la intaneti lilizidi hapo.

Swichi niliibadilisha mwenyewe. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, na ile mbovu mkononi, maana umbo na idadi ya pini lazima vifanane. Muuzaji akaipima kwa mita mbele yangu. Nyumbani nilifungua waya hasi wa betri, nikabandua fremu ya plastiki kwa rula ili nisiikwaruze dashibodi, nikaitoa swichi, nikang'oa ule waya wa fundi kwenye soketi, nikachomeka mpya, nikarudisha betri. Dakika 40, na nyingi kati ya hizo nilikuwa natafuta skrubu iliyodondoka chini ya kiti.

Leo usiku, kabla hujalala, toa ufunguo kwenye gari, bonyeza pembetatu nyekundu, kisha shuka ulizunguke gari uhesabu taa zinazopepesa. Ikikosekana hata moja, nenda kwa fundi kesho, na umwambie atengeneze.